Kibarua Bila Karatasi: Mahakama za Kazi Zilivyoifikia Pwani ya Kilwa na Lindi

Binamu yangu alifanya kazi miezi minane kwenye mradi mmoja wa ujenzi wilayani Kilwa bila kupewa karatasi hata moja. Kila asubuhi alifika getini, msimamizi akafungua daftari la shule lenye jalada la bluu, akaandika jina lake, naye akaingia. Jumamosi jioni alilipwa mkononi. Siku moja msimamizi alilifunga daftari bila kumwandika. "Kwako basi," alimwambia. "Njoo wiki ijayo tuone." Alikwenda wiki ile, akaenda iliyofuata, akaenda na nyingine. Alipochoka kungoja akaamua kwenda Lindi kushtaki. Kituoni Nangurukuru, nauli ikiwa mkononi, akakutana na mwalimu mstaafu aliyemfundisha darasa la sita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Safari ya wapi?"

Akamweleza. Mwalimu akamuuliza ni siku ngapi zimepita tangu asimamishwe. Wakahesabu, zikafika 41.

"Sheria inasema 30, mwanangu. Umeshachelewa."

Binamu akairudisha nauli mfukoni, akapanda gari la Masoko, akarudi nyumbani. Wiki mbili baadaye alikuwa baharini na wavuvi wa kaka yake.

Kuhusu zile siku 30 mwalimu hakukosea. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulijua, na mimi pia sikulijua siku ile. Nimeanza kuandika makala hii kwa sababu yake. Nilitaka kufahamu nani aliyeziweka siku hizo, na mtu wa Kilwa aliyedhulumiwa ujira wake alikuwa akienda wapi kabla hazijawekwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19, katika miji ya pwani hii, wenye watumwa waliwakodisha watumwa wao kwa wafanyabiashara waliohitaji watu wa kubeba mizigo, kusafisha sandarusi au kupakia majahazi. Mtumwa alipewa cheti cha kazi ya siku, na jioni ujira wake ukagawanywa kati yake na bwana wake. Kile cheti kikawa jina la kazi, kisha kikawa jina la mtu. Leo tunasema "vibarua wa barabara" bila kukumbuka kwamba wa mwanzo walishika karatasi ambayo haikuwa yao.

Kilwa Kivinje ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya biashara ya utumwa katika pwani ya kusini. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikashukia hapo. Sultani Barghash wa Zanzibar alipiga marufuku kuwasafirisha watumwa baharini mwaka 1873, na mwaka 1876 akakataza misafara ya nchi kavu. Lakini kumiliki mtu hakukukatazwa. Wajerumani walipoichukua nchi hawakuufuta utumwa kwa siku moja. Walitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watu waliojikomboa au waliokombolewa. Mwaka 1901 wakaamuru mtumwa apewe siku mbili kila juma ajifanyie kazi zake, na baadaye wakatangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Waingereza ndio waliofuta hali ya utumwa kisheria katika Tanganyika, mwaka 1922. Ni zaidi ya miaka 100 kidogo tu. Wapo wazee wa Kivinje waliolelewa na bibi waliozaliwa kabla ya mwaka huo.

Sasa jiulize: yule kibarua wa mwaka 1890 akinyimwa fungu lake, angeshtaki kwa nani? Lugha yetu ina msamiati mzuri wa haki. Baraza ni mahali pa kukaa nje ya nyumba, na pia ni kikao cha wazee wanaoamua. Shauri ni ushauri, na pia ni kesi. Suluhu ni kazi ya kuwarudisha watu wawili pamoja. Mabaharia waliogombana na nahodha juu ya mgawo waliketi barazani, na aghalabu mambo yalikwisha hapo. Lakini baraza lilisikiliza watu wanaohesabiwa kuwa watu. Mtumwa alisemewa na bwana wake.

Hamsa ishirini

Kwingineko wafanyakazi walikuwa wamekwisha kupata pa kushtaki. Mwaka 1806, huko Lyon, Ufaransa, Napoleon alikubali ombi la mji wa wafumaji wa hariri: liundwe baraza la kuamua ugomvi kati ya wenye viwanda na mafundi wao, na waamuzi wake wawe watu wa kazi hiyohiyo. Hakimu wa kawaida hajui kitambaa kinafumwa vipi wala fundi anadaiwa nini. Wazo hilo likaenea Ulaya. Tarehe 29 Julai 1890 Ujerumani ikapitisha sheria ya mahakama za viwanda. Katika mahakama hizo mwenye kiwanda na mfanyakazi walikaa pande mbili za mwenyekiti wakiwa waamuzi sawa.

Mwaka ule wa 1890 ndio Wajerumani walikuwa wakiitia pwani yetu mkononi. Hawakuja na mahakama zile. Boma la Kilwa Kivinje, ambalo kuta zake bado zimesimama karibu na maji, lilikuwa na mtu mmoja anayekusanya kodi, anayetafuta watu wa kazi na anayehukumu. Amri ya mwaka 1896 iliruhusu viboko kuwa adhabu ya Mwafrika, na idadi yake ikaingia katika Kiswahili ikawa msemo: hamsa ishirini. Kuanzia mwaka 1898 kila nyumba ilidaiwa kodi, kwa kawaida rupia 3, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho.

Kisha ikaja pamba. Chini ya Gavana von Götzen, kuanzia mwaka 1902, vijiji vililazimishwa kulima mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe. Watu waliacha mashamba yao wenyewe wakati wa palizi, wakafanya kazi chini ya kiboko, na malipo yakawa madogo kiasi cha kudhalilisha. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliing'oa pamba. Hivyo ndivyo vilivyoanza Vita vya Maji Maji. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewahamasisha wapiganaji, alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Waliokufa kwa vita na njaa, kwa makadirio ya wanahistoria wengi, ni kati ya watu 250,000 na 300,000.

Vitabu vya shule vinaiita vita ya ukombozi, na ni kweli. Mimi naiona pia kuwa mgogoro wa kazi uliokosa mahali pa kusikilizwa. Mmatumbi aliyefanyishwa kazi kwenye pamba ile alikuwa na madai ambayo fundi wa Lyon angeyatambua mara moja: siku ngapi, kwa ujira gani, nani anapima. Hakuwa na mahali pa kuyapeleka ila kwa akida yuleyule aliyempeleka shambani. Akida naye aliripoti bomani, na boma ndilo lililotaka pamba.

Kipande cha siku 30

Waingereza walipofuta utumwa mwaka 1922, hawakukawia. Mwaka 1923 walitunga Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji. Soma jina lake tena. Ndani yake mfanyakazi aliyeondoka kabla ya mkataba kwisha, au aliyezembea, alikuwa mkosaji wa jinai, wa kutozwa faini au kufungwa. Mwajiri aliyezuia mshahara naye angeweza kushtakiwa, lakini mashtaka yote yalikwenda kwa mtu mmoja, ofisa wa wilaya, ambaye watu walimwita Bwana Shauri. Alikuwa hakimu, mkusanya kodi na mtawala kwa wakati mmoja, na jioni mara nyingi alikuwa mgeni wa meneja wa shamba.

Mashamba yenyewe yalikuwa ya mkonge. Anayetua leo katika uwanja wa ndege wa Lindi anatua Kikwetu, na jina hilo zamani lilikuwa la shamba la mkonge. Kuizunguka ghuba ya Lindi mkonge ulipandwa mahali pengi, na waliofanya kazi humo walikuwa Wamwera, Wamakonde, Wamakua na wengi waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Walifanya kazi kwa kipande. Kadi ilikuwa na siku 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku ile, kadi inatiwa alama. Zikijaa alama 30, unalipwa. Siku ya ugonjwa haikutiwa alama, wala siku ambayo mnyapara hakuridhika na kazi yako. Mtu aliweza kukaa shambani miezi miwili akitafuta kujaza mwezi mmoja.

Kipande kwa jinsi hiyo kilikuwa pia hukumu. Aliyeamua kama siku yako ni siku au si siku alikuwa mnyapara, na hukumu yake haikuwa na rufaa. Nadhani hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya wakati ule na sasa. Sheria kali zilikuwepo Ulaya pia, lakini hapa aliyepima kazi ndiye aliyeamua ugomvi juu ya kipimo.

Palikuwa na jaribio moja la kuweka mtu wa tatu katikati. Mwaka 1926 serikali iliunda Idara ya Kazi chini ya Meja Orde-Browne, ofisa aliyezunguka mashamba na kuandika ripoti ndefu juu ya makazi, chakula na vifo vya wafanyakazi. Maofisa kazi wake walikuwa wachache mno kwa nchi nzima, na mwaka 1931, mdororo wa uchumi wa dunia ulipobana bajeti, idara ikafungwa. Ilibidi isubiri karibu muongo mmoja kufufuliwa. Wakati huohuo wenye mashamba walijipanga vizuri zaidi: mwaka 1944 waliunda ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU, na waliokusanywa wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba.

Kilichobadilisha mambo ni watu waliokataa kufanya kazi. Septemba 1947 wapakiaji mizigo wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata njia ya reli kuelekea bara. Serikali ilikuwa imetunga sheria mwaka huohuo ya kuamua na kuchunguza migogoro ya kazi, ikamteua G. W. Hatchell aongoze baraza la kuusikiliza mgogoro wa bandari. Baraza likawaongezea wapakiaji mshahara. Likafanya kazi yake, likavunjika. Hata hivyo ilikuwa mara moja kati ya chache katika historia ya nchi hii ambapo chombo kilichoundwa kwa ajili ya mgogoro wa kazi kilisikiliza pande zote mbili, kikatoa uamuzi uliomfaidi mbeba mizigo.

Mwaka ule wa 1947 ndio ulioanza pia mpango wa karanga. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake tatu, na Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikawa bandari ya kushushia mashine. Reli ikajengwa, maelfu wakaajiriwa, na mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikaacha kila kitu, ikiwa imepoteza kama pauni milioni 36. Hasara hiyo imeandikwa katika vitabu vingi. Za waliorudi vijijini mikono mitupu hazikuandikwa.

Barua kwa Waziri

Miaka ya 1950 ilikuwa ya vyama vya wafanyakazi. Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Sheria mpya ya Ajira ya mwaka huo, iliyoanza kutumika mwaka 1957, ilimpa Afisa Kazi uwezo wa kusikiliza malalamiko na, yakishindikana, kuandika taarifa na kuipeleka kwa hakimu ikawa ndiyo hati ya madai. Kwa mtu asiyejua kuandika, hilo lilikuwa jambo kubwa: serikali ilimwandikia kesi yake.

Baada ya uhuru, serikali changa iliwaogopa wafanyakazi walioisaidia kuupata. Sheria ya mwaka 1962 iliufanya mgomo halali uwe mgumu kuliko kupanda mnazi kwa mguu mmoja. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ikavunjwa na chama kimoja cha wafanyakazi wa nchi nzima, NUTA, kikaundwa kwa sheria. Michael Kamaliza akawa Katibu Mkuu wa NUTA huku akiwa Waziri wa Kazi.

Kwa kubadilishana na kunyang'anywa mgomo, wafanyakazi walipewa kitu chenye thamani, na sipendi tukidharau. Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964 ilimzuia mwajiri kufukuza ovyo. Iliweka kanuni ya nidhamu inayotaja kila kosa na adhabu yake, kuanzia onyo na karipio, kisha faini, hadi kufukuzwa. Iliunda kamati za wafanyakazi na mabaraza ya usuluhishi yenye watu wa pande zote. Aliyefukuzwa aliweza kwenda kwenye baraza. Asiyeridhika alikata rufaa kwa Waziri, na uamuzi wa Waziri ulikuwa wa mwisho. Mahakama ziliambiwa zikae kando. Mwaka 1970 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la shamba la mkonge la Kitundu, ilithibitisha kwamba mambo ya kufukuzwa chini ya sheria ile hayakuwa ya mahakama za kawaida.

Nchi ikawa na utaratibu wa pekee wa migogoro ya kazi, lakini kilele chake hakikuwa hakimu. Kilikuwa mwanasiasa mjini Dar es Salaam. Kwa msomaji wa leo, anayetoka Kilwa asubuhi na kula chakula cha mchana Dar, ni vigumu kuielewa maana yake. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Kabla yake palikuwa na kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea njia ilifungwa kwa wiki nyingi, watu wakategemea bahari. Faili la mfanyakazi wa Lindi lilisafiri kwa njia hiyohiyo aliyosafiri mgonjwa na mchele. Nimewasikia wazee wengi hapa wakisema "barua yangu iko kwa Waziri" kwa sauti ya mtu anayesema mvua itanyesha.

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, ndipo ilipoundwa mahakama ya kwanza ya kudumu ya kazi nchini, kwa Sheria Namba 41. Ilisikiliza migogoro ya jumla kati ya vyama na waajiri, na kusajili makubaliano ya mishahara baada ya kuyapima kwa sera ya serikali. Mishahara isingepanda kuliko uchumi ulivyoruhusu, kwa macho ya serikali, na mahakama ikawa mlinzi wa sera hiyo kama ilivyokuwa mlinzi wa haki. Kibarua mmoja wa Kikwetu hakuweza kuifikia peke yake. Ndiyo maana TANU ilipotoa Mwongozo mwaka 1971, na kifungu cha 15 kikakemea viongozi wenye majivuno na ubabe, wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam hawakwenda mahakamani. Walifunga milango na kuwatoa mameneja nje.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Chombo kile cha 1967 kilikuja kupewa jina la Mahakama ya Viwanda, na milango ya kuupinga uamuzi wake mbele ya Mahakama Kuu ikafunguliwa kidogo. NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, kisha vyama vikarudi kuwa vingi. Mashirika ya umma yakauzwa, mkonge wa Lindi ukamezwa na msitu, na maelfu wakapewa barua za kupunguzwa kazi.

Jirani zetu walikwenda kwa mwendo wao. Kenya iliunda Mahakama ya Viwanda mwaka 1964 chini ya Jaji Saeed Cockar, na baada ya Katiba ya 2010 ikaipandisha kuwa na hadhi sawa na Mahakama Kuu. Zanzibar ilitunga Sheria yake ya Uhusiano Kazini mwaka 2005. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2006, lakini mahakama yenyewe ikaanza kazi mwaka 2014.

Fomu, mezani, Lindi

Mwaka 2004 Bunge lilipitisha sheria mbili kwa mpigo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7. Waandishi wake walikuwa wameitazama sana Afrika Kusini, iliyokuwa imeunda tume yake ya usuluhishi baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Sheria zile zilifuta nyingi za zamani, pamoja na rufaa ya kwenda kwa Waziri. Kwa mara ya kwanza tangu Boma la Kivinje lijengwe, mwanasiasa na mtawala waliondolewa kabisa katika ugomvi wa mshahara wa mtu binafsi.

Badala yao ikawekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana zaidi kwa herufi CMA, na juu yake Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Kanuni zilitangazwa mwaka 2007 na ndipo kazi ikaanza. Hivi ndivyo inavyokwenda. Mlalamikaji anajaza Fomu Namba 1, anampa mwajiri nakala, anaipeleka Tume. Hakuna ada. Msuluhishi anawaketisha pande mbili, na ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Yanayosemwa katika usuluhishi hayatumiki baadaye kuwa ushahidi, kwa hiyo watu huzungumza kwa uwazi, na migogoro mingi huishia mezani hapo. Wakishindwa, mwamuzi anasikiliza ushahidi kwa viapo na kutoa tuzo. Tuzo ina nguvu ya hukumu. Asiyeridhika ana wiki sita za kuomba Mahakama Kuu iitazame. Kutoka hapo, Mahakama ya Rufani inasikiliza hoja za sheria tu. Si lazima uwe na wakili: kiongozi wa chama cha wafanyakazi, awe wa TUICO au wa TPAWU, anaweza kusimama nawe, au ukajisimamia mwenyewe. Na tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hukumu yenyewe unaweza kuisoma bila mkalimani.

Ndani ya sheria ile ya taasisi kuna kifungu ninachotamani kingebandikwa katika kila kituo cha basi cha pwani hii. Ni cha 61. Kinasema kwamba mtu anayemfanyia kazi mwingine atahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kukiwa na dalili fulani. Dalili mojawapo inatosha, kwa mfano: anaelekezwa namna ya kuifanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, amemfanyia mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anategemea kipato hicho, anapewa vifaa, au hana mwajiri mwingine. Hakikutaja karatasi. Baada ya miaka zaidi ya 100 ya vibarua, vipande na namba, sheria imesema mtu ni mfanyakazi kwa kazi anayoifanya.

Binamu yangu alikuwa na dalili zote hizo.

Sisemi kwamba njia imenyooka. Gesi ya Songo Songo ilipoanza kwenda Dar es Salaam mwaka 2004, na barabara na majengo yalipofuata, ajira nyingi zilizokuja wilayani zilikuwa za makandarasi na makandarasi wadogo. Mtu anafanya kazi mwaka mzima asijue jina la kampuni inayomlipa, na fomu inataka jina hilo. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita halindwi na masharti ya kuachishwa isivyo halali, na wapo wanaomaliza vibarua wao mwezi wa tano. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mwalimu au muuguzi wa serikali hawezi kwenda moja kwa moja kwenye Tume. Ni lazima kwanza amalize ngazi zote za sheria ya utumishi wa umma. Na umbali bado upo. Ofisi za Tume ziko katika ngazi ya mkoa. Kutoka Kilwa Masoko hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 150, na kesi haiishi kwa safari moja. Mtu wa Kipatimu au wa kisiwa cha Songo Songo anaanza kuhesabu nauli kabla hata ya kuifikia lami. Mahakama Kuu kwa watu wetu kwa miaka mingi imekuwa Mtwara, mbele zaidi. Madai ya mshahara wa mwezi mmoja yanaweza kuliwa yote na nauli za kuyadai.

Naiomba Tume, na halmashauri ya wilaya, zikubaliane juu ya siku za kudumu kila mwezi ambazo msuluhishi ataketi Masoko, zitangazwe misikitini, kwenye mialo na redioni. Chumba kimoja na meza vinatosha.

Nawe msomaji, kama umeachishwa kazi, hesabu tangu siku uliyoambiwa, si tangu siku msimamizi alipokukatisha tamaa. Kwa kuachishwa ni siku 30, na kwa madai mengine, kama mshahara usiolipwa, ni 60. Andika tarehe, andika jina la aliyekuambia, waombe wenzako wawili wakumbuke nawe. Na kama siku zimepita, usirudi nyumbani kama binamu yangu. Jambo ambalo mwalimu wa Nangurukuru hakulijua ni hili: kanuni za mwaka 2007 zinaruhusu kuomba kuongezewa muda, kwa maandishi, ukieleza sababu za kuchelewa. Kusema "sikujua sheria" peke yake hakutoshi. Lakini kusema "niliambiwa nisubiri, nikasubiri, na hizi hapa tarehe nilizorudi getini" ni maelezo ambayo Tume inapaswa kuyasikiliza. Panda gari la Lindi.